Pua ya Mama

Ukoo wetu ni wa watu wa pua. Sisemi pua za usoni, hizo kila mtu kapewa. Nasema pua ya kazi, ile ya kuinama juu ya ndoo ya chachu na kujua kama imeiva, imelala, au imepitiliza na kugeuka siki. Bibi alikuwa nayo. Mama akairithi, na mtaa mzima ulijua. Hakuna mkate uliokandwa pale bekari kabla mama hajainama juu ya ndoo, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu na kusema "Tayari" au "Bado." Watu wazima na ndevu zao walisimama wakingoja neno hilo, mikono imejaa unga, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Chachu yenyewe ilikuwa ya bibi. Haikuwa ikimalizwa, kila siku kipande kilibakizwa ndooni, kikalishwa unga na maji, kikaendelea kuishi. Mama alikuwa akisema ile ndoo ndiyo mtoto wake wa kwanza, na sisi wawili tulikuja baadaye.

Mimi pua niliipata, kifua kikanikatalia. Unga ulinipa pumu mbaya, nikikanda asubuhi, jioni napiga miluzi kama birika. Daktari akaniambia nichague, mapafu au mikate. Nikachagua mapafu, nikahamia mtaa wa pili, nikawa fundi cherehani wa mapazia na foronya. Mama hakunisamehe. Akinitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu binti yangu, anashona mashuka," kwa sauti ya mtu anayeeleza kuwa mwanawe yuko jela.

Basi bekari ikabaki kwa mdogo wangu. Nyumbani na mtaani tulimwita Sindano. Alianza kuumwa akiwa bado anavaa kaptula za shule, kisukari cha aina ya kwanza, kile ambapo mwili humgeukia mwenyewe na kulishambulia kongosho hadi linaacha kutoa insulini. Majirani walisema ni kwa sababu mama alimlea kwa mikate ya sukari. Waongo wakubwa. Mimi nilikula mikate ile ile, tena nilimwibia na ya kwake, na sikupata kitu. Wenzake darasani walimwona akijichoma tumboni, wakampa jina, na kwa kuwa alikuwa mwembamba kweli, jina likakaa. Yeye hakulichukia. "Bora Sindano kuliko Marehemu," alikuwa akisema, kwa sababu alijua, nasi sote tulijua, kwamba bila insulini mtu wa aina yake huhesabiwa siku.

Alikuwa na sindano za aina mbili. Moja ya haraka, ya kuchoma akitaka kula. Nyingine ya polepole, ya kila siku, ale asile. Naomba msomaji aishike hiyo ya pili, kwa sababu nyumbani kwetu hawakuishika.

Mama alizichukia zote mbili. Nikiwa na hasira naye husema ni ujinga, lakini nilikuwepo, nakumbuka. Mtoto alipokuwa mdogo ni yeye aliyemchoma. Kila asubuhi alimbana kati ya magoti, mtoto analia, "Mama usiniue," na mama anachoma huku midomo imemkauka. Mwanamke aliyefanya hivyo miaka na miaka hawezi kuipenda sindano hata umwambie ni malaika.

Mwaka mmoja, akiwa ameshaoa, kliniki ilikuwa inatafuta watu wa kisukari cha aina ya kwanza kwa ajili ya utafiti. Walitaka kuona mtu kama huyo akikaa bila kula kwa muda mfupi, siku moja na kitu, anakunywa maji tu, mwili wake unafanyaje; sukari inatuliaje, mafuta yanaunguaje, na je, baada ya hapo insulini inamfaa zaidi au vilevile. Sindano akajitolea. Sukari yake ilikuwa ya kupanda na kushuka maisha yake yote, asubuhi iko darini, mchana iko sakafuni, na alikuwa amechoka.

Nilimsindikiza mimi, kwa sababu mkewe, wifi yangu, alikuwa kaunta akiuza. Muuguzi wa utafiti alikuwa mama mrefu mwenye miwani ya kamba, na maneno yake nayakumbuka neno kwa neno.

"Chakula utaacha," alimwambia. "Insulini ya polepole huachi. Sisi wenyewe tutaipunguza kidogo, lakini hatuiondoi. Umeelewa? Mwili usiokula unachoma mafuta yake. Mafuta yakiungua yanatoa asidi, tunaita ketoni. Insulini hiyo kidogo ndiyo inayoushika moto usizidi. Ukiiondoa, asidi inajaa, damu inachacha."

"Kama chachu iliyopitiliza," mdogo wangu akasema.

Muuguzi akacheka. "Wewe ndiye mwokaji, mimi sijui. Lakini ndiyo, kama hiyo. Na utainusa mdomoni. Inanuka matunda yaliyooza, au ile dawa ya wadada ya kuondolea rangi ya kucha. Na usidanganywe na kipimo cha sukari. Asiyekula sukari yake inaweza isiwe juu sana, na bado damu ikawa mbaya. Ukihisi kichefuchefu, ukihema sana, unakuja hapa mbio. Huulizi mtu."

Walimlaza kitandani, wakambandika kidude mkononi cha kusoma sukari, na kila baada ya muda mfupi mtu alikuja kumtoboa kidole na kupima hizo ketoni. Siku ya pili nilipomrudia nilimkuta amekaa, simu mkononi, macho mekundu. Nikadhani kuna baya.

"Dada, njoo uone," akasema.

Akanionyesha mstari wa sukari yake kwenye kioo. Kwa kawaida mstari ule ulikuwa milima na mabonde. Safari hii ulikuwa umenyooka kutoka upande hadi upande, kama pindo la pazia.

"Ndivyo mlivyo ninyi wengine?" akaniuliza. "Siku zote? Mnatembea tu hivi, mwili umetulia?"

Nilimkumbatia, naye akalia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zake. Nasema wazi, siku ile nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye.

Kutoka hapo akashikwa na mfungo. Muuguzi alimkanya asijaribu peke yake nyumbani; alisema wanapima watu wengi, majibu hayajatoka, na lililomfaa mtu akiwa kitandani chini ya macho ya wauguzi linaweza kumuua akiwa kazini. Sindano aliitikia ndiyo, ndiyo, kwa mdomo. Moyo wake ulikuwa kwenye ule mstari. Haukupita muda akaanza kufunga kula siku moja kila wiki, peke yake, akikanda unga.

Hapo ndipo alipokosea hesabu. Kliniki alikuwa amelala. Bekari alikuwa anabeba magunia, anakanda, anasimama mbele ya tanuri linalomchemsha jasho. Kazi nayo hula sukari. Mara ya kwanza sukari ilimshuka ghafla, miguu ikamwisha, akaangukia mlango wa tanuri. Wifi alimkimbilia, akammiminia soda mdomoni huku ngozi ya mkono inaungua. Alipona. Kovu lilibaki kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja, na hofu ikabaki pia. Wewe ukishawahi kuzimia mbele ya moto hutaki tena. Sasa kwa kuwa hakutaka kuacha mfungo wake, akaanza kupunguza ile insulini ya polepole ili sukari isimshuke. Leo robo, siku nyingine nusu, kwa akili yake mwenyewe.

Na mama akapata nafasi.

"Hivi wewe," alimwambia siku moja nikiwepo, "tanuri likiwa halina mkate, unalipakia kuni za nini? Huli, halafu unajichoma dawa ya kula? Si ndiyo maana ulianguka?"

"Mama," nikasema, "hiyo si dawa ya kula. Hiyo ni ya kuishi."

"Wewe umesomea udaktari lini? Kwenye mashuka?"

"Muuguzi kasema mbele yangu."

"Muuguzi hajaona alivyoungua. Mimi nimeona."

"Na wewe mama, tanuri lako unalizima?" nikamuuliza. "Siku bekari imefungwa, unaliacha lipoe kabisa? Si unalaza makaa ndani ili matofali yasipasuke? Basi hayo makaa ndiyo hiyo sindano ya polepole!"

Nilidhani nimemmaliza. Sindano mwenyewe alicheka, akasema, "Hapo dada kakupata." Mama alikunja uso na kuanza kunijibu, na katikati ya majibu yake mimi nikaanza kukohoa, kikohozi cha kweli, kifua kinaziba. Kulikuwa na moshi. Wifi akaingia mbio kutoka kaunta akipiga kelele. Kitambaa cha kufunikia mikate kilikuwa kimedondokea juu ya tanuri na kinaungua, kando kabisa ya kiwiko cha mama. Yeye ndiye aliyegeuka wa mwisho.

"Mnanipigia makelele, nitanusaje?" akasema, akakikung'uta sakafuni na kukikanyaga.

Tukacheka sote. Wifi akasema mama siku hizi anawaza mbali. Mjadala wa sindano ukaishia hapo, kwenye kicheko, na nilipoondoka mdogo wangu alinisindikiza hadi kona.

"Usigombane naye," akaniambia. "Nimepunguza tu, sijaacha."

"Usiache."

"Sijaacha, dada."

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alisikia. Alimsikia mkuu wake kwa adabu zote, na hilo ndilo lililomvunja.

Siku yenyewe kulikuwa na oda kubwa ya mikate ya shule, na Sindano alikuwa kwenye mfungo wake. Kumbe safari hii ile sindano ya polepole aliiacha kabisa, tangu juzi yake, ili asianguke tena mbele ya oda ya watu. Haya nimeyajua kwa wifi. Asubuhi aliamka na kiu, anakunywa maji kama ngamia na kukimbilia chooni. Akajipima kidole. Namba ilikuwa juu kidogo tu, ya kawaida kwake. Siku akila chapati alikuwa nayo kubwa kuliko hiyo. Akamwonyesha mkewe, akasema, "Unaona? Iko sawa." Akaingia kazini.

Baada ya muda akatapika. Akasema ni njaa. Akatapika tena. Akaketi kwenye gunia la unga, anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi. Pale mbele ya tanuri kila mtu huhema, hakuna aliyeshtuka.

Wifi alipoinama kumfuta uso, akasikia harufu. Yeye hakuwa kliniki siku ile, hakumsikia muuguzi, lakini ni mkewe, anajua pumzi yake. Akamwita mama.

"Mama, mdomo wake unanuka vibaya. Sijui nini. Hebu mnuse wewe."

Mama akaja. Akamshika mwanawe kidevu kwa mkono wa unga, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, vilevile kama kwenye ndoo. Wifi akangoja.

"Chachu," mama akasema. "Kashinda ndani ya chachu, ulitaka anuke waridi? Mpe chai, tia sukari ya kutosha, alale kidogo."

Nani angebisha? Pua ile ilikuwa imelisha nyumba nzima. Wifi akachemsha chai, akatia sukari, akamnywesha. Akaitapika. Akamlaza kwenye chumba cha nyuma, juu ya magunia matupu, akarudi kaunta kwa sababu wateja walikuwa wanagonga kioo kwa sarafu. Kila akienda kumtazama anamkuta vilevile, macho nusu, anasema, "Niache nilale." Mchana ulipopinduka ndipo moyo ulipomkataa, akanipigia simu akinong'ona, ili mama asisikie.

"Dada, njoo. Sijui kwa nini naogopa."

Niliacha pazia chini ya sindano ya cherehani. Nilipofika sikuhitaji kuambiwa chumba. Bekari yote inanuka unga, moshi na chachu, harufu niliyolelewa nayo, naifahamu kama sauti ya mama. Juu yake, pale mlango wa nyuma, kulikuwa na nyingine. Matunda yaliyooza ndani ya mfuko uliofungwa. Dawa ya rangi ya kucha. Ilinipiga usoni hata kabla sijamwona.

"Umechoma lini?" nikamuuliza nikipiga magoti. "Sindano! Ile ya polepole, umechoma lini?"

Ilimchukua muda kunitambua. "Juzi... sijui. Dada, namba ni nzuri. Nimepima."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa anavuta hewa hadi tumbo linaingia ndani, anatoa, anavuta, bila kupumzika. Nikapiga kelele gari la kusambazia mikate liletwe mlangoni. Mama akaja akifuta mikono.

"Una nini wewe? Kachoka, ana njaa. Ukimpeleka juani ndiyo utamuua."

"Mama, huisikii hiyo harufu?"

Alinitazama. Leo nikiurudia ule mtazamo naona mambo ambayo siku ile sikuyaona. Siku ile niliona ukaidi tu.

"Naisikia," akasema. "Ni chachu."

Nilimpita kwa bega. Mimi na dereva tukambeba, tukamlaza kati ya kreti za mikate ya shule iliyokuwa bado ya moto. Wifi akapanda akamweka kichwa mapajani. Njiani Sindano alifumbua macho, akatazama mikate pande zote.

"Leo mnaniuza na mimi?" akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyokuwa na maana. Mengine yalikuwa ya kuomba maji.

Hospitali walihangaika. Nisiwe mtovu wa shukrani, walihangaika kweli, maji mishipani, insulini mishipani, watu wanaitana. Daktari kijana akatuambia damu imejaa asidi na chumvi za mwili zimevurugika, na moyo haupendi hali hiyo. Tukakaa kwenye benchi. Jua lilikuwa halijazama moyo ulipokataa. Yule daktari alitoka, akavua glavu, akatuambia, halafu akauliza alianza kutapika saa ngapi. Wifi akajibu, asubuhi.

"Mngemleta asubuhi..." akaanza, akamtazama wifi, akaacha.

Angemaliza tu. Maneno yaliyokatwa katikati humkaa mtu kooni. Wifi aliyabeba hayo hadi msibani, akawa anayarudia peke yake jikoni. "Niliinusa, dada. Asubuhi niliinusa kwa pua yangu. Nikaenda kupika chai."

Ndugu nao hawakumhurumia. Penye wengi pana mengi, na msiba ndio penye wengi. Shangazi zetu walikaa mkekani wakasema, si kwa kunong'ona, kwamba mke gani hajui harufu ya mumewe, analala naye kila siku halafu haoni kuwa pumzi imebadilika. Wifi aliyasikia, akainamisha kichwa, akaendelea kuosha vikombe. Mama alikuwa amekaa pale pale. Nilingoja aseme neno moja tu, "Aliniuliza." Hakusema. Alitazama ukuta.

Nilimkasirikia mama, lakini nilimkasirikia kwa lile la kuni na tanuri. Hilo la harufu nilimsamehe mapema. Nilijiambia pua iliyoishi ndani ya chachu haiwezi kuitofautisha na siki ya damu, kwamba ni ajali ya kazi yetu, kwamba mimi nilitambua kwa sababu tu nilifukuzwa na pumu. Nilimwambia wifi hivyo, mara nyingi. "Hata mama, na pua yake yote, alidhani ni chachu. Wewe ungejuaje?" Nikaona inampa nafuu kidogo. Akawa ananiuliza tena na tena, kama mtoto anayetaka hadithi ile ile.

Bekari ilikaa imefungwa, tanuri limepoa hadi ndani. Tofali moja la juu likapasuka. Halafu asubuhi moja mama akaamka, akavaa aproni, akasema mkate lazima utoke, watu wameanza kununua kwingine. Nilikwenda. Sikwenda kukanda, nilisimama mlangoni na leso puani, lakini sikutaka wifi awe peke yake naye.

Moto ukawashwa. Wifi akaileta ndoo ya chachu na kuifunua. Siku zote zile za msiba sidhani kama kuna mtu alikumbuka kuilisha. Mama akainama, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Tayari," akasema.

Mimi nilikuwa mbali, na leso, sikusikia kitu. Wifi alikuwa karibu. Nilimwona akisita, akiitazama ndoo, halafu akapuuza; mawazo yake hayakuwa kwenye chachu. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi ameshika kisosi kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nataka kukuuliza jambo moja, halafu sitakusumbua tena. Wewe unajua harufu kuliko sisi wote. Dada anasema ile aliyokuwa nayo mume wangu ndiyo hii. Hebu nusa. Kweli inafanana na chachu? Ukiniambia inafanana, mimi nitalala usingizi."

Kisosini mlikuwa na majimaji yasiyo na rangi. Hakuwa na hila, naapa. Nilimwona uso. Alikuwa anaomba.

Mama akakipokea kisosi. Akafumba macho. Akakileta hadi chini ya pua, karibu kukigusa kwa mdomo, akavuta pumzi ndefu kama alivyovuta maisha yake yote. Mimi pale mlangoni, na leso yangu, dawa ya rangi ya kucha ilikuwa imeshanifika kooni na nimeanza kukohoa.

"Maji haya," mama akasema. "Unaninusisha maji ya nini asubuhi yote hii?"

Kuni zililia ndani ya tanuri. Mama akafumbua macho, akamwona wifi, akaniona mimi ninavyokohoa, halafu akaona kichupa chenye kifuniko cha waridi kikichungulia mfukoni mwa aproni ya wifi. Akakitazama kisosi tena. Kisosi kikainama, ile dawa ikamwagikia vidoleni.

"Tangu lini, mama?" wifi akauliza. Aliuliza polepole, kwa adabu, kama anavyomwamkia.

"Kabla hujaolewa," mama akasema. "Niliugua homa, pua ikaenda. Nilidhani itarudi." Akapangusa vidole kwenye aproni. "Chachu nilikuwa naibonyeza kwa kidole, kwa siri. Ikirudi juu, nasema tayari. Mkate si ulikuwa mzuri? Si wote mlikula?"

"Na siku ile?"

Mama akaigeukia ndoo. "Mlikuwa mnanitazama wote," akasema. "Dereva, watu wa tanuri, wewe. Nami nikasema nilichokuwa nasema kila siku."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, nami nilisimama pale nikafikiri kwamba aliyetunga maneno hayo hakujua kuwa kifo kinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Nilitaka kumpiga mama. Nasema kweli, mkono uliniwasha. Nilitaka pia kumshika asianguke, kwa sababu alikuwa amezeeka mbele ya macho yangu, na sikufanya moja wala jingine.

Wifi alikichukua kisosi kutoka mikononi mwake, akakiweka juu ya meza ya kukandia. Kisha akainama yeye juu ya ndoo ya bibi. Hakufumba macho. Alinusa mara moja, akainuka.

"Imepitiliza," akasema. "Imeoza kabisa, mama."

Akaikumbatia ndoo, akapita nayo kando yangu hadi uani. Tulisikia akiimwaga kwenye mtaro, yote, bila kubakiza kipande, kisha maji yakimwagika mara mbili juu yake. Mama alibaki amesimama mbele ya tanuri na mikono yake mitupu. Hakumzuia.